Kipande cha Kahawia

Tangu wiki ya kwanza ya ndoa alimwita wifi yake Mkaguzi, kimoyomoyo, maana hakuna sufuria ambayo dada huyo wa mumewe hakuipindua kutafuta masizi. Hata kazini alikuwa mkaguzi: daktari wa maabara, anayesoma vipande vya nyama vya wagonjwa kwenye hadubini. Ndiye aliyesoma cha kaka yake na kutangaza kwamba uvimbe wa pafu una alama, ile inayolengwa na dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Dripu ya kwanza ilikuwa kesho.

Leo Mkaguzi alimwita mke huyo wa kaka yake maabara, na kiti hakumpa.

"Nilikosea," Mkaguzi alisema. "Alama hana. Dawa ile haitamfaa. Itabidi aanze kemo, ile dawa kali."

"Rudia."

"Umenisikia."

"Nimekusikia. Nataka uone aibu kuyasema mara ya pili."

Mkaguzi alimsogezea hadubini. Kwenye kioo kilichokuwa chini yake kulikuwa na vipande viwili vya nyama, kimoja cha kahawia iliyokolea, kingine samawati iliyopauka.

"Kila kioo tunaweka na kipande cha mgonjwa mwingine, tunachojua kina alama, kuhakikisha rangi ya kahawia inashika penye alama. Hicho cha kahawia ndicho nilichosoma, nikidhani ni chake."

"Miaka yote unavisoma, uje uchanganye cha kaka yako?"

"Nilitaka kiwe chake." "Nilipoona kahawia sikuangalia tena."

"Sufuria zangu ulikuwa unaziangalia mara mbili."

Mkono wa mke ulikuwa unamwasha. Angemzaba kibao pale pale, koti jeupe au la.

"Utamwambia kwa mdomo wako," alisema. "Jana kanyoa ndevu, eti asiende kwenye dripu kama mgonjwa."

"Twende wote, basi."

"Mlango nitakufungulia. Zaidi ya hapo usinitegemee."

Mkaguzi akageuka kuvua koti. Mke akainama tena kwenye hadubini, bila kuambiwa, akakipekua kile kipande kilichopauka, akitafuta japo doa moja. Pembeni kabisa akaliona, dogo, la kahawia. Moyo ukamruka. Akafumba jicho, akafumbua.

Hapakuwa na kitu. Na kilichomuudhi kuliko yote ni kwamba dakika ile angeapa mbele ya yeyote kuwa lipo.