Neno Lililotangulia Jina

Fahim alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi wa umeme alipokodi kibanda Ruiru na kuanza kutengeneza inkubeta za kuangulia vifaranga. Mpango wake ulikuwa rahisi: masomo yampe ujuzi, kibanda kimpe wateja, na kampuni moja ya Thika impe nafasi ya mafunzo kazini. Juu ya mlango aliandika INJINIA FAHIM. Alijua kwamba cheo hicho hutumiwa na mtu aliyehitimu na kusajiliwa. Alijua pia kwamba wateja hawaendi kwa mwanafunzi.

Kampuni ya Thika ilimwita kwa mahojiano. Aliyemhoji, Injinia Wamboi, alivutiwa na habari za inkubeta.

"Nafasi ni moja," alisema. "Kabla sijaamua, nitapita Ruiru nione kazi yako."

Fahim alirudi akapaka rangi juu ya lile neno. Siku ya ziara, mlango ulisema FAHIM tu.

Rangi hiyo haikufika mdomoni mwa Gerishon. Mfugaji huyo wa kuku kutoka Theta alikuja kuchukua inkubeta yake Wamboi akiwa bado anakagua nyaya.

"Injinia wangu, sasa!" aliita tangu barabarani. Kisha akamgeukia mgeni. "Madam, kama unataka mashine, umefika. Huyu si fundi wa kubahatisha. Ni injinia kamili."

"Injinia kamili?" Wamboi aliuliza bila kuinua macho.

"Watu huniita tu hivyo," Fahim alisema haraka. "Hapa mtaani kila mtu ni injinia."

Gerishon alicheka. "Haiya! Watu gani? Si ni wewe uliniambia? Nilikuwa naenda kwa Kinuthia, ukasema Kinuthia ni fundi, wewe ni injinia. Hata kanisani nimekutangaza. Kina mama wa kikundi chetu wote wanakungoja."

Wamboi aliutazama mlango. Upande mmoja rangi iling'aa kuliko mwingine.

"Ulisajiliwa lini?"

"Bado niko chuoni, Madam."

"Mimi najua. Mwambie mteja wako."

Fahim alimgeukia Gerishon. "Mzee, mimi si injinia. Ni mwanafunzi."

Gerishon aliitazama mashine. "Kwa hivyo hii kitu inaweza kunichomea nyumba?"

"Haiwezi," alisema Wamboi. "Ameifunga vizuri. Ndiyo maana nimeudhika. Nafasi nitampa mwingine. Yeye aombe tena mwakani."

Fahim alingoja matusi. Gerishon alivua kofia.

"Madam, msamehe. Ni mtoto. Hata wangu hunidanganya. Mimi sijaumia."

Matusi yangekuwa nafuu. Mtu aliyemdanganya alikuwa akimwombea.

"Mzee, acha," Fahim alisema, macho yake chini. "Madam amesema kweli."

Wamboi aliaga akaenda. Wawili hao waliibeba inkubeta hadi kwenye pikapu.

"Shika huko, inji..." Gerishon alijikatiza. "Shika huko, wewe."

Walifunga kamba.

"Sasa kina mama nitawaambia nini?"

"Nitakuja Theta niwaambie mwenyewe."

Gerishon alifikiri, akaivaa kofia yake.

"Njoo Jumapili, baada ya ibada. Lakini uvae vizuri. Niliwaambia wewe ni mtu mkubwa."