Breki ya Mara ya Tatu

Kila asubuhi, kabla lori halijatoka, dereva alisimama kwenye dirisha la karani akaeleza hali ya gari. Nyamwange alikuwa ameliendesha lori la wachumaji chai kwa miaka tisa, na alilieleza kama mtu anavyomweleza mkwe mgumu.

"Asubuhi inakohoa mpaka ione jua. Oil inakunywa, si mchezo. Kwa mlima inapanda ikilia. Hayo nimezoea, Bethwel. Lakini breki haisikii. Nikikanyaga mara ya kwanza inalala. Ya pili inaamka. Ya tatu ndio inashika."

Zamani Bethwel aliyaandika maneno yote hayo kwenye daftari. Sasa alikuwa na fomu iliyokuja na meneja mpya, na upande wa breki ulikuwa na visanduku viwili tu: zinafanya kazi, hazifanyi kazi.

"Ya tatu inashika?"

"Inashika."

"Basi zinafanya." Akatia alama.

"Andika vile nimesema."

"Nitaandika wapi, mzee? Hakuna nafasi. Na nikitia kwa hii ingine, lori inalala karakana, wamama hawachumi, halafu mimi na wewe tunaitwa ofisi."

Bethwel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake ulikuwa na mhuri. Aligonga fomu, nakala moja akampa nyapara Kiptanui.

Manyunyu yalikuwa yakianguka. Wanawake arobaini walipanda na vikapu vyao, Bosibori mke wa Nyamwange akiwa mmoja wao. Kiptanui akakaa mbele. Siku hiyo walikuwa wanachuma chini kabisa, kando ya mto Kipsonoi, na barabara ya huko ni udongo mwekundu unaoteremka moja kwa moja hadi kwenye kona ya daraja.

Juu ya mteremko Nyamwange alizima injini, akashuka, akaweka jiwe chini ya gurudumu.

"Wamama, shukeni mtembee. Mimi nitateremka nayo peke yangu."

Walishuka bila kuuliza kitu. Waliijua ile breki; kila siku waliihesabu mpaka ya tatu.

"Nani amesema gari ni mbaya?" Kiptanui akafoka.

"Mimi."

"Fomu imesema ni nzuri!"

Wakiwa bado wanabishana, Land Rover ya meneja ikatokea kwenye mzunguko wake wa asubuhi. Meneja alisikiliza, akaisoma fomu ndani ya gari ili isilowe.

"Hapa breki zinafanya. Wewe umekataa kazi. Toa funguo, na nyumba ya kampuni uache Jumamosi. Nyinyi wengine, atakayetembea siku yake haiandikwi."

Miaka tisa, na mtu huyo hakushuka hata kulitazama gurudumu. Hilo lilimuuma Nyamwange kuliko nyumba.

Joab, dereva wa meneja, aliambiwa achukue lori. Madereva wa shamba lile hawakukabidhiana ufunguo mtupu. Anayeacha gari humwambia anayelichukua tabia zake. Kwa hasira Nyamwange alitaka kunyamaza. Halafu akamwona Bosibori anapanda tena, mguu mmoja kwenye gurudumu, hamtazami.

"Gia ya pili inaruka, izuie na goti," akasema. "Usikate kona ghafla, inaenda na matope. Na breki..." Akaunyosha ufunguo. "Breki ni ya mara ya tatu. Anza mapema, Joab. Mapema sana."

"Nitaanza mapema, ndugu yangu." Joab aliupokea ufunguo akitazama chini. "Niko na watoto, unajua."

"Najua."

Jiwe likaondolewa. Lori likateremka kwenye ukungu, na wanawake hawakuimba kama siku nyingine. Nyamwange alibaki juu, mikono mitupu, akiitazama taa nyekundu ya breki kule nyuma, ile moja iliyobaki nzima.

Iliwaka, ikazima. Ikawaka tena, ikazima.

Akangoja ya tatu.