Leo Tuu

Marehemu hakuwa na habari kwamba alikuwa msanii. Kwa miaka thelathini na moja alibandika mabango ya filamu kwenye ukuta wa sinema, kwa ndoo ya gundi ya unga na ngazi iliyokosa kidato kimoja, na hakuna aliyewahi kumwomba saini. Ilibidi kwanza afe, ndipo mdogo wake agundue kipaji chake.

Mdogo wake huyo, mtaani walimwita Koma. Alikuwa msahihishaji wa maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji hadi alipostaafu, na ugonjwa wa kusahihisha haukumtoka. Hata tangazo la msiba wa kaka yake alilirudisha limejaa wino mwekundu. Alipomaliza kulisahihisha, ndipo akalia.

Miezi mitatu baada ya mazishi aliingia sebuleni kwa binti wa marehemu, mshona mapazia, akiwa na robota la mabango ya kale yaliyochapwa wiki hiyohiyo.

"Yanahitaji kukomaa kidogo," alisema.

Ukomavu uliletwa na sufuria ya chai ya rangi, sifongo, na siku nne za jua juu ya bati. Halafu pasi. Pasi ilikuwa ya binti, na tangu siku hiyo mapazia ya wateja wake yakawa yananukia chai.

"Baba Mdogo, huu si uongo?"

"Uongo ni kusema kitu kisichokuwepo. Baba yako hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Mabango hayakuwepo?"

"Yalikuwepo. Yalinyeshewa ukutani mpaka yakaisha."

"Basi haya ndiyo yaliyokimbia mvua."

Wakusanyaji wa mabango ya kale walikuwa wagonjwa wa kitu kimoja: ule ukanda mweupe ambao mbandikaji aliuandika kwa brashi na kuubandika chini ya bango, kuwaambia watu filamu inaonyeshwa lini. Walisema ukanda ndio unaoipa karatasi roho. Koma hakutaka mabango yake yakose roho. Mikanda aliiandikia nyumbani kwake, mlango umefungwa, kama mpishi anayeficha viungo.

Kilichobaki ni barua. Hiyo nayo aliiandika mwenyewe, bila kosa hata moja: binti anathibitisha kwamba mabango yametoka katika sanduku la baba yake, na kwamba maandishi ya chini ni ya mkono wa marehemu. Sanduku lenyewe lilikuwa na mashati mawili na brashi. Binti aliisoma barua mara mbili, akairudisha mezani. Alimzika baba yake mara moja na ilimtosha. Sasa alitakiwa atie saini kwamba baba huyo alikuwa mtu mwingine.

"Nitaona mikanda kwanza," alisema.

Mtaalamu wa wakusanyaji alifika Jumamosi saa nne, na glavu nyeupe, na lenzi shingoni kama nishani. Aliinama juu ya bango la jambazi mwenye jicho moja, akavuta pumzi ndefu.

"Harufu hii," alisema, "huwezi kuighushi."

Koma aliangalia chini kwa unyenyekevu, kama mzazi anayesifiwa mtoto.

Lenzi ikashuka kwenye ukanda. "Na mkono huu. Mkono wa mtu wa kazi. Mama, huu ni mwandiko wa mzee?"

Koma tayari alikuwa amemshikisha binti kalamu. Binti akainama. Herufi nyeusi, nene, zimesimama wima kama zinakaguliwa: LEO TU.

U moja.

Alikuwa darasa la nne alipomwambia baba yake kwamba amekosea, kwamba neno ni *tu*. Baba alichovya brashi.

"U moja inamtosha aliyekaa mbele ya ubao, mwanangu. Msomaji wangu yuko ng'ambo ya barabara, anakimbilia basi. Hiyo ya pili ndiyo inayomkamata shati."

Na ilikamata. Huyo jambazi mwenye jicho moja alionyeshwa leo tuu kwa wiki sita.

Baba Mdogo lazima aliiona mikanda ile maisha yake yote, na lazima ilimuuma maisha yake yote. Alikuwa tayari kudanganya ulimwengu mzima, lakini si kwa tahajia mbaya.

Binti angeweza kulisema kosa hilo. Angelisema, na kufikia Jumatatu u ya pili ingekuwa imeshaandikwa kwenye mikanda mia.

Akaweka kalamu chini.

"Si mkono wa baba."

"Ana majonzi," Koma alisema haraka. "Machozi yanamziba macho."

"Mama, lenzi yangu hii…"

"Lenzi yako haina kasoro, baba. Imeona kila kitu. Ila si mkono wake."

"Unaweza kunionyesha tofauti?"

"Hapana."

Mtaalamu alivua glavu kidole kimoja kimoja. Bila familia, alisema, hawezi. Kabla ya kutoka alirudi akanusa bango mara moja tena, kwa huzuni ya kweli.

Koma alibaki amesimama katikati ya mabango yake.

"Nimekosea wapi? Mimi ni baba yako pia, niambie. Wino? Upana wa herufi?"

"Hujakosea popote, Baba Mdogo. Umeandika vizuri mno."

Koma alilichukua bango, akalipeleka dirishani, akaukagua ukanda herufi kwa herufi. Hakupata kosa. Uso wake ukatulia kidogo.

"Nilijua," alisema.

Alipoondoka, binti aliisugua pasi mpaka harufu ikapungua. Kisha akafungua kabati la nguo. Ndani ya mlango kulikuwa na ukanda ambao baba aliubandika mwenyewe siku sinema ilipofungwa, kwa kuwa hakukuwa na ukuta tena wa kuubandika. LEO TUU. U ya pili ilikuwa pana kuliko ya kwanza, na tone la rangi lilikuwa limeteremka chini yake likakaukia njiani.

Halafu akaufunga mlango polepole, maana gundi ya unga ikishazeeka haipendi kushtuliwa.