Kipande cha Chini

Fundi mkuu wa maabara yetu tulimwita Mkasi, kwa namna alivyokata utando. Protini za wagonjwa zikishatenganishwa kwenye jeli, kubwa juu na ndogo chini, huhamishiwa kwenye utando mweupe mwembamba kama karatasi. Mkasi huukata vipande viwili. Cha juu hulowekwa kwenye kingamwili inayokinasa kimeng'enya cha ugonjwa, protini tunayoifuatilia, na kuacha mstari mweusi pichani kikiwapo. Cha chini hulowekwa kwenye kingamwili nyingine, ya kuhakikisha tu kwamba kila mgonjwa amepakiwa kiasi sawa. Kingamwili ya kimeng'enya ilikuwa adimu, na kwa ujanja huo chupa ilidumu.

Shangazi yangu, aliyenilea tangu sijang'oa jino, alikuwa na ugonjwa wa damu. Kimeng'enya hicho kiliharibika ndani yake, kikawa kinazihimiza seli zigawanyike bila kupumzika. Vidonge vilikizima. Mwezi baada ya mwezi mstari wake kwenye utando ulififia, naye akanenepa mashavu na kuanza kunitania upya. Mchana wa siku ile daktari alikuwa amwambie aache vidonge na arudi kazini. Alichosubiri ni matokeo yetu.

Asubuhi hiyo Mkasi alikwenda kung'olewa jino, akaniachia utando. Niliogopa kuukata kombo. Nikauloweka mzima kwenye kingamwili ya kimeng'enya.

Picha ilipotokea kwenye skrini, juu kwenye safu ya Shangazi palikuwa peupe. Nilianza kutabasamu. Kisha macho yakashuka. Chini, mahali ambapo hatukuwahi kutazama, palikuwa na mstari mnene, mweusi, ulionyooka.

Mkasi aliingia akiwa amevimba shavu.

"Umeloweka mzima? Hiyo kingamwili wewe unaifanya supu?"

"Kaka, tazama chini."

"Uchafu huo."

"Uchafu ungetokea kwa wote. Huyu wa safu ya jirani hana ugonjwa, na hapa chini hana kitu."

Alivuta kiti, akaketi. Utani uliisha hapohapo.

Tulilijua jambo hilo sote wawili. Tulilisoma, tukalifanyia mtihani. Seli ikinakili maagizo ya protini, nakala hukatwa na kuungwa kabla ya kutumika. Seli inaweza kuruka sehemu fulani, ikaunga kilichobaki, na jeni lilelile likatoa kimeng'enya kifupi. Sehemu iliyorukwa hapa ndiyo iliyokifanya kimeng'enya kingoje amri. Kifupi hiki hakingoji mtu. Na vidonge vya Shangazi vilitengenezwa kukishika kile kirefu.

"Kwa kuwa ni kidogo kinashuka," Mkasi alisema taratibu. "Kinaangukia kipande cha chini. Kipande ambacho mimi..."

Alifungua jokofu, akatoa boksi la vipande vya chini vya zamani. Tuliviosha vya Shangazi, tukavilowekea kingamwili ya kimeng'enya, tukasubiri. Picha zilipotoka tulizipanga kwa miezi. Kwenye ya kwanza, chini palikuwa na kivuli tu. Kwenye iliyofuata kivuli kilikuwa mstari. Kadiri wa juu ulivyofifia, wa chini ulinenepa. Miezi yote tuliyokuwa tukipongezana, kile kingine kilikuwa kinakua.

Mkasi alimpigia daktari. Daktari akasema ipo dawa nyingine, hawezi kuahidi kitu, na mgonjwa aje sasa hivi. Mimi nikampigia Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekukauka? Hujala?"

"Nitakula. Shangazi, nenda kliniki mapema. Usiache vidonge mpaka daktari akuone. Ugonjwa haujaondoka. Umebadilika umbo, na sisi hatukuuona."

Nilisikia maji yakitiririka upande wake, halafu bomba likafungwa.

"Hamkuuonaje?"

"Tulikuwa tunatazama nusu ya picha."

"Nusu," alisema. Alipumua. "Mimi tayari nimeshapiga pasi sare. Haya. Dawa ipo?"

"Ipo ya kujaribu. Nakuja nikusindikize."

"Ngoja kwanza. Yule mwenzangu wa foleni, yule mama mcheshi mwenye kicheko cha kuku, aliambiwa aache vidonge tangu mwezi uliopita. Yeye mlimtazama picha nzima?"

Nilitaka kumjibu vizuri.

"Nusu, Shangazi. Wote tuliwatazama nusu."

"Basi usije. Njia ya kliniki naijua. Baki hapo uwatafute wenzangu."

Alikata simu. Mkasi alikuwa amepiga magoti mbele ya jokofu, anatoa maboksi ya wagonjwa wengine na kuyapanga sakafuni. Nilivaa glavu mpya, nikafungua la kwanza.