Mwonja Dawa wa Kambi ya Reli

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya migunga, mikono ya Sila ilianza kutetemeka. Alijaribu kubana ugoro kwa vidole viwili, ugoro wote ukamwagikia kanzu yake. Akajipangusa, akatukana kimoyomoyo, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kutukana, maana alikuwa amelelewa misheni. Alijua fika kwamba si ugoro alioutaka.

Sila alikuwa mhudumu wa zamu ya usiku katika banda la wagonjwa la kambi ya reli, hapa Dodoma, miaka ile Wajerumani walipokuwa wakiisukuma reli yao kuelekea Tabora. Kuhara damu kulikuwa kumeingia kambini pamoja na mvua, na mvua zilikwisha, kuhara kukabaki. Watu walilala kwenye mikeka bega kwa bega, Wagogo, Wanyamwezi na Wasukuma, wenye nguvu za kupasua mwamba jana, leo hawawezi kujiinua kwenda chooni. Usiku banda hilo lilikuwa mikononi mwa watu wawili tu. Mmoja ni Sila, kijana wa kijiji cha Haneti. Wa pili ni Mzee Mgeni, Mwislamu wa mjini, ambaye baba yake alifika na msafara wa pembe za ndovu akachoka kutembea, akaoa hapa hapa.

Daktari alikuwa Mjerumani mrefu ambaye vibarua walimwita Bwana Tone, kwa sababu dawa yake ya tumbo, maji ya rangi ya kahawia yenye uchungu wa kukunja uso, aliipima kwa matone kama bahili anavyopima asali. Siku ya kwanza hakuna aliyeinywa. Walifunga meno wakamtazama tu. Bwana Tone alidhani ni ukaidi, kumbe hakuwa ameonja. Kwao Sila, na kwa Wanyamwezi vile vile, mtu akikupa kibuyu cha pombe bila kuonja kwanza mbele ya macho yako, huna haja ya kumuuliza nia yake. Anayekaribisha huonja. Ndivyo anavyosema: kama kuna sumu, basi tufe sote.

Basi Sila akakitwaa kijiko, akatia mdomoni kidogo, akameza, akampa mgonjwa wa kwanza. Yule akanywa. Wa pili akataka naye aonjewe chake, na wa tatu, mpaka mwisho wa banda. Daktari akacheka, akaona ni mchezo wa washenzi usio na hasara. Elimu yake yote ile, na hakuwaza kwamba kidogo kidogo ya watu wengi ni nyingi kwa mtu mmoja.

Usiku ule Sila hakuusikia uvundo. Vilio vilikuwepo, lakini vilikuwa mbali, kama vya jirani. Mgongo uliokuwa ukimuuma kwa kuinua watu ukatulia. Mzee Mgeni alipoonja safu yake naye, alilamba midomo akacheka peke yake.

"Unajua unachokunywa, mwanangu?" alimwambia. "Hii ni afyuni. Baba yangu aliwaona watu wakiivuta huko pwani. Ni tamu, lakini ina mkia."

Mkia waliuona baadaye. Kwanza waliufurahia utamu. Nani angewalaumu? Kila alfajiri walibeba maiti, na kila jioni walirudi pale pale, kwa posho ya unga. Kuonja kwa ulimi kukawa kunywa funda, na funda likarudiwa usiku wa manane, hata wagonjwa wote wakiwa wamelala na hapana wa kuonjewa. Chupa ikaanza kupungua haraka kuliko wagonjwa wanavyokunywa. Hapo ndipo Sila alipokwenda njia ya Nkuhungu, akabandua magome ya mgunga, akayachemsha mpaka maji yakawa kahawia na machungu, akaijazia chupa. Mzee Mgeni alishika taa. Rangi ile ile, uchungu ule ule. Mwizi hakosi ufundi.

Wagonjwa hawakupata nafuu. Bwana Tone akaongeza matone. Hawakupata nafuu bado, na kila alivyoongeza wale wawili nao walijazia, hadi yakawa nusu kijiko, na chupani hamna kitu ila mgunga. Mnyamwezi mmoja aitwaye Shaban, aliyelala karibu na mlango na ambaye alikuwa akiwachekesha wenzake hata akiwa taabani, akafa. Sila alijiambia kwamba Shaban alikuwa wa kufa tu. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema.

Siku mbili baada ya Shaban kuzikwa, walimleta Kefa kwa machela.

Kefa alikuwa mdogo wake Sila, tumbo moja. Sila ndiye aliyemtoa Haneti kuja kuchimba tuta la reli, na mama yao alimkabidhi kwa maneno machache: huyu ukimpoteza, usirudi. Sasa macho ya Kefa yalikuwa yamezama, na midomo imepasuka. Sila alimwonjea, akampa kijiko cha maji ya mgunga kwa mkono wake mwenyewe, na Kefa akanywa akamshukuru. Sila akatoka nje akatapika.

Tangu hapo alikuwa akilingoja gari moshi kama mtu anayengoja mvua. Chupa mpya ilikuwa njiani kutoka Dar es Salaam, dawa kamili, isiyoguswa. Ikija, Kefa atapona. Aliapa kwamba ile hataigusa. Aliapa kwa Mungu wa misheni, na kwa tahadhari akaapa na kwa mizimu ya babu yake.

Gari moshi lilifika mchana wa leo. Na jioni hii, wakati Sila anajipangusa ugoro, Mzee Mgeni alitokea mbio kutoka upande wa kambi, mzee wa watu ambaye kwa kawaida hakimbii hata akifukuzwa na nyuki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, marahaba. Sikiliza. Chupa imefika. Nimemsikia Bwana Tone akimwambia mhudumu wa mchana: leo kijiko kizima kila mtu. Anasema matumbo yao yameizoea dawa."

Sila akaacha kujipangusa. "Hawajaizoea. Wamekunywa magome."

"Ndiyo nasema! Baba yangu alimwona mtu mwenye mwili kama dume la ng'ombe akinywa kiasi hicho bila kuizoea. Alilala akasahau kupumua. Na hawa wamebaki mifupa." Mgeni alimshika mkono, na mikono yote miwili ikatetemeka pamoja. "Tulia. Daktari huwa anatuachia chupa, anakwenda kula. Tutawapa matone kama ya siku ya kwanza. Tutasema tumewapa kijiko. Watapona, na hapana atakayejua."

"Na akibaki?"

"Habaki. Lini amebaki? Sila, mimi ni mtu mzima. Nikifungwa kwenye pipa nikachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, sitainuka. Mwantum atabaki na nani?"

Mwantum alikuwa mkewe. Sila alimheshimu sana mama huyo, kwa hiyo hakubisha, wakaenda. Njia nzima alijiambia, matone, matone tu. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini katikati ya hofu yake kulikuwa na furaha ndogo ya aibu, kwamba chupa imejaa.

Bwana Tone alibaki.

Alikuwa amesimama katikati ya banda, chupa mpya mkononi, lakiri yake imevunjwa. Alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama reli kwamba leo dawa atawapa mwenyewe, maana anataka kuona inavyofanya kazi. Askari mmoja alikuwa mlangoni. Daktari alipita kati ya mikeka, akasimama penye mgonjwa aliyekuwa hoi kuliko wote. Akapiga goti karibu na Kefa, akajaza kijiko pomoni.

"Onja," akamwambia Sila. Daktari alikwisha kuuzoea utaratibu huo.

Harufu ilimfikia Sila, na mate yakamjaa kinywani. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Angeweza kuonja. Yeye asingedhurika kitu, mwili wake ulikuwa unakililia kijiko kile. Angemeza funda mbele ya mdogo wake, asimame wima, na Kefa angeona kaka yake ameonja yuko salama, naye angekunywa kwa imani. Watu wote wa banda wangekunywa, safu kwa safu. Alimtazama Mzee Mgeni. Mgeni alikuwa ameshika taa, na macho yake yalisema neno moja tu: nyamaza.

Sila akaweka mikono nyuma.

"Sionji, Bwana."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini banda zima lilisikia. Mtu wa mkeka wa pili akajifunika blanketi kichwani. Mwingine akasema kwa mshangao, "Kaka yake mwenyewe amekataa!" Neno likakimbia hadi mwisho wa banda, na midomo yote ikafungwa. Hata wasiojiweza waligeuka kuelekea ukutani. Mwonjaji akikataa kuonja, hapana haja ya maelezo.

Daktari akainuka nusu, uso umemwiva. Hakuelewa sababu, ila alielewa kwamba banda limegoma, na vita vya Majimaji vilikuwa havijasahaulika kwa wakubwa wa serikali. "Unawachochea watu wangu?" Akampigia askari kelele. "Mshike huyu mgonjwa! Fungua kinywa!"

Askari akaja, akainama, akayabana mataya ya Kefa kwa mkono mmoja. Kefa alijitahidi kugeuza uso, hakuweza. Kijiko kikashuka.

"Ile chupa ya kwanza ilikuwa maji!" Sila alipiga ukelele. "Maji na magome ya mgunga, Bwana! Hawa hawajanywa dawa. Dawa niliinywa mimi! Ukimpa hicho utamuua!"

Kijiko kikasimama hewani. Daktari alimtazama Sila machoni, akatazama mikono yake, kisha akaitazama ile dawa. Polepole, kwa uangalifu mkubwa, akairudisha chupani.

"Siku nyingi?"

"Siku nyingi, Bwana."

"Na yule aliyekufa mlangoni?"

Sila akautazama mkeka wa Shaban. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Ulikuwa peke yako?"

Mwanga wa taa ya Mzee Mgeni ulitikisika ukutani. Kama mzee angesema neno wakati ule, basi lingekuwa neno lake, na hadithi hii ingemheshimu. Hakusema.

"Peke yangu," Sila akajibu.

Daktari akapima upya. Safari hii matone, machache, kama siku ya kwanza, hata chini ya kijiko hayakujaa. Akamsogezea Kefa. Kefa hakufungua kinywa. Banda lote lilikuwa likimtazama yeye na kaka yake, likingoja. Daktari akapumua kwa nguvu, kisha akamnyooshea Sila kile kijiko.

Mkono wa Sila ulikwenda wenyewe. Wala tusimpambe. Mbele ya watu aliowanyang'anya dawa, mbele ya mkeka mtupu wa Shaban, alichokihisi kwanza ni njaa ya yale matone.

"Usionje, kaka," Kefa akasema.

Akainua shingo kwa taabu, akanywa mwenyewe bila kuonjewa, bila kumtazama. Kisha akalala akafumba macho. Baada ya kitambo yule wa mkeka wa pili akatoa kichwa blanketini, akapokea chake. Askari akamgusa Sila begani, wakatoka.

Kulipokucha Sila alikuwa katika chumba cha mahabusu bomani, amejikunja sakafuni, jasho linamtoka na meno yanagongana kama ya mtu mwenye homa. Viboko vilikuwa bado, vilingoja mchana. Usiku kucha alisikiliza. Kama Kefa angekufa, watu wa kambi wangelia, na kilio kingefika bomani. Kila jogoo alipowika alishtuka akidhani ndicho.

Mlinzi alifungua mlango, akamwingiza Mwantum, mke wa Mzee Mgeni, na kibuyu cha uji kwapani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kutolala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akachutama mbele yake. "Nimepitia kambini kwanza. Mdogo wako yu hai. Tumbo limetulia, amelala usiku wote, na asubuhi ameamka ameomba uji. Amekunywa uji, Sila, umekaa."

Sila akaegemeza kichwa ukutani akalia kwa sauti. Alimshukuru Mungu, akamtaja mama yake, akamtaja Kefa kwa jina lake la utotoni. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na Mwantum alilia naye. Aliapa mbele yake, kama alivyokwisha kuapa, kwamba kitu kile hatakiona tena.

Kisha mwili ukamtikisa upya, kuanzia miguuni. Alikishika kibuyu cha uji, akakiweka chini bila kunywa. Akatazama mlango, akatazama mikono ya Mwantum, akashusha sauti.

"Mama," akasema, "na ile chupa, wameiweka wapi?"

Mwantum hakukasirika.

"Bwana Tone ameifungia," akasema. "Mzee Mgeni naye yuko sakafuni nyumbani, anatetemeka kama wewe. Ameniuliza hivyo hivyo alfajiri, kabla hajaniuliza kama umekwisha kuchapwa."

Akamsogezea kibuyu tena, akangoja anywe.