Ukiyavuka Maji Haya

Mama alivaa viatu vyake vya Idi kwenda kutembea chini ya bwawa. Alikaa kwenye ubavu wa mtumbwi wa baba, uliokuwa umelala juu ya tope kavu huku kuku wakitagia ndani yake, akafunga kamba ya kiatu cha kushoto, akaifungua, akaifunga tena. Mbele yetu, palipokuwa na maji tangu nizaliwe, palikuwa na bonde. Upana wote ule, kutoka kwetu hadi minazi ya Ng'ambo, ulikuwa ardhi iliyopasuka vipande vipande.

"Khairat," akaniambia, "ukiona maji popote, hata ya kulowesha ukucha, nishike mkono."

Wakati huo nilikuwa mwanamke mzima, mwenye nyumba yangu Pongwe, lakini nilimshika mkono papo hapo, kabla ya kuona chochote.

Ungetupita asubuhi ile ungedhani ni mtu tu anakwenda kumtazama mama yake mgonjwa. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya Bibi Shamsiya, mama yake mama, ilionekana kutoka mlangoni petu, kuta nyeupe na bati jekundu, na upepo ukiwa mzuri tulisikia jogoo wao. Hata hivyo mama hakuwa amekanyaga pale tangu mimi nikiwa mtoto wa kung'oka meno ya utotoni.

Kisa ni ulimi. Baba yangu, Mbarouk, ni Mpemba, na Mwenyezi Mungu alimpa mikono ya taratibu na ulimi wa haraka. Alikuja bara kijana, fundi wa kuchonga mitumbwi, akakuta mto umezibwa, bwawa limejaa, na watu wa pande mbili wanatazamana bila njia. Akachonga mtumbwi, akawa mvushaji. Katika kuvusha huko akamvusha binti wa watu wenye mashamba, watu wa asili ya Omani, akampenda, nao wakamwoza shingo upande. Wakati mwingine nafikiri hiyo shingo haikuwahi kunyooka.

Siku kaka yake mama, mjomba Himyar, alipomwoza binti yake wa kwanza, baba alivusha wageni tangu jua linachomoza. Alivusha masufuria, mabusati, hata mbuzi. Masinia yalipotandazwa akaenda kunawa akae na wazee, na mjomba akasema mbele ya watu, bila hata kumtazama, "Mvushaji atakula na wapishi."

Baba hakula na wapishi wala na wazee. Alipiga kasia hadi nyumbani na njaa yake. Kesho yake mama alikuwa akienda kumalizia harusi, ameshatia mguu mmoja mtumbwini, nami niko nyuma yake nimebeba kapu. Baba akasimama mbele yake kumzuia, majirani wote wanasikia.

"Tuhfa! Ukiyavuka maji haya kwenda kwenu, huna mume. Na hiyo ndiyo ya tatu!"

Mama akautoa mguu. Polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

Talaka mbili alikuwa ameshazitumia ujanani, moja kwa ajili ya samaki aliyeungua, na nyingine hata wenyewe hawakumbuki ilikuwa ya nini. Zile walirejeana, wakacheka. Ya tatu haina rejea. Kabla ya adhuhuri baba alikuwa ameshajuta, amekaa uani ameshika kichwa, na jirani mmoja akamwambia lile ambalo kila mtu alikuwa akilifikiri: maji yakimwagika hayazoleki.

Alikwenda kwa Maalim Yakoub kuuliza. Je, kwa daraja la barabara kuu? Maalim akasema anayepita darajani ameyavuka maji yaliyo chini ya daraja. Je, kwa kuzunguka huko juu, mtoni? Maji ni yaleyale, Mbarouk, yanatoka huko kuja huku. Baba akarudi, akashika kasia lake, akaendelea na kazi. Aliwavusha wauza machungwa, walimu, wajawazito na watu wa siasa. Alimvusha kila mtu wa tarafa hii isipokuwa mke wake.

Mara mbili tatu Bibi alikuja kwetu kwa gari, akizungukia darajani, mpaka miguu ikamkatalia. Baada ya hapo wakawa wanazungumza kwa vitu. Mama alipeleka vitumbua kwa mtumbwi, Bibi akaleta achari ya ndimu. Na kila asubuhi Bibi alitandaza shuka jeupe juu ya ukuta wa baraza yake ili mwanawe aone kwamba ameamka salama. Simu zilikuja, kila mtu akawa na simu, lakini shuka halikuacha kutandazwa. Mama alilitazama kwanza ndipo akachemsha chai.

Kisha kikaja kiangazi kile. Vuli haikunyesha, masika yakadondoka kidogo yakaona haya, na vuli nyingine nayo ikapita angani bila kugusa chini. Bwawa likaanza kurudi nyuma. Kwanza mtumbwi ukawa unafungwa mbali na nyumba, kisha mbali zaidi, kisha baba akachoka kuufuata. Vijana wakacheza mpira palipokuwa na kina. Bodaboda wakapata njia yao humo humo, wakavusha abiria kwa vumbi. Baba alikaa mlangoni akiwatazama, mvushaji asiye na cha kuvusha, na mimi nilimwonea huruma iliyoniuma kifuani.

Asubuhi moja, nikiwa nimekuja kuwatembelea wazazi wangu, shuka halikutandazwa. Ilikuwa kiharusi. Simu ilisema Bibi bado anasema, kwa shida, na anachosema ni jina moja.

Baba akavaa kofia akaenda kwa Maalim, nami nikamfuata. Maalim alikuwa akichonga mswaki wake wa mti kwa kisu.

"Maalim," akasema baba, "na maji yakiondoka yenyewe?"

Maalim akaacha mswaki. Akatazama nje, huko bondeni.

"Subhanallah," akasema. "Ulisema maji, Mbarouk. Hukusema mto, wala hukusema bonde. Palipo pakavu, nini kimevukwa?"

Baba alirudi mbio, mtu mzima yule, na alipomfikia mama alikuwa hana pumzi ya kueleza.

"Tuhfa," akasema, "vaa viatu."

Ndivyo tulivyoshuka. Baba alisema atakuja nyuma yetu na jembe, kwani kuna mahali pa kutopea huenda akahitajika kututoa. Nilijua sababu nyingine. Ng'ambo alikuwapo Himyar, na tangu ile harusi hawakuwa wamepeana hata salamu.

Sijui nielezeje kutembea chini ya maji yasiyokuwapo. Tope lilikuwa limekauka kwa vipande vikubwa vilivyojikunja pembeni, na makome yalivunjika chini ya viatu vyetu. Palikuwa kimya. Tukapita mahali nilipojifunza kuogelea, na nilipotazama juu nikaona jinsi maji yalivyokuwa juu: alama yake ilikuwa imebaki kwenye vigogo vya miti iliyokufa majini, juu kabisa ya vichwa vyetu. Pale pale mtumbwi wa baba ulipokuwa ukipita na watu wakipiga soga, sasa alipita kunguru. Nilijihisi nimeingia chumbani kwa mtu bila kupiga hodi.

Kisha tukafika kwenye visiki. Vilikuwa vya minazi, mistari na mistari, imenyooka vile vile kama siku ilipopandwa, na vyote vyeusi. Mama akasimama, akaweka kiganja juu ya kimoja.

"Hili ni shamba la babu yangu," akasema. "Niliambiwa liko chini ya maji. Nilidhani likiwa chini ya maji halipo tena."

Akaenda kutoka kisiki hadi kisiki akivigusa, akisema subhanallah, subhanallah, nami nikatembea nyuma yake nikisema vivyo hivyo. Sijawahi kumpenda mama yangu kama dakika zile. Kila hatua alikuwa akiingia ndani ya kitu alichokatazwa, na kitu hicho kilikuwa kimejifungua chenyewe.

Katikati ya bonde tukaukuta mto.

Kila mtu alituambia bwawa limekauka kabisa, na hakuna aliyedanganya. Ni kwamba hakuna aliyeuhesabu mto huo kuwa ni maji. Ulikuwa mfereji mwembamba, mtu mzima angeupita kwa hatua moja, na bodaboda walikuwa wameweka ubao juu yake. Lakini ndani yake, taratibu, yakimetameta, yalikuwa yakipita maji.

Nikamshika mama mkono, ingawa nilikuwa nimeushika tayari.

Upande wa pili alisimama mjomba Himyar, kanzu nyeupe, ndevu zimekuwa nyeupe pia. "Ruka, Tuhfa!" akaita. "Mama anakuulizia tangu alfajiri!"

"Siruki."

Kijana wa bodaboda, Rama, alikuwa akipita na abiria wake. Akasimama juu ya ubao na pikipiki yake ikinguruma. "Mama, haya nayo ni maji? Huu mkojo wa chura!"

"Yanakwenda," akasema mama. "Yakiwa yanakwenda yanaitwa maji." Kisha akamgeukia kaka yake, na sauti yake ikakatika. "Mama yangu yuko huko, Himyar, na mume wangu yuko huku. Usiniambie niruke."

Alisimama hivyo, ncha za viatu vya Idi zikigusa ukingo. Nyumba ya Bibi ilikuwa karibu kiasi kwamba niliona pazia la dirisha lake likipepea. Nililia. Niliona tumefika mpaka hapa ili tu tuone vizuri zaidi kile tusichokipata.

Baba akafika. Akatazama mfereji, akamtazama mke wake, hakusema neno, na kwa mtu yule hilo peke yake lilikuwa jambo. Akaenda upande wa juu wa mkondo, mbele kidogo ya ule ubao, na kuanza kulima. Alikata tope kwa mapande akalitupa katika mkondo, akashindilia kwa mguu, akakata jingine. Mtu aliyeishi kwa bwawa maisha yake yote alikuwa akijenga bwawa lake mwenyewe. Maji yakajaa nyuma ya tope, yakaambaa, yakatafuta njia, na yakaipata upande wa pili, miguuni pa Himyar.

Baba akainua uso.

"Shemeji," akasema, neno la kwanza baada ya miaka yote ile, "upande wako unavuja."

Mjomba akaitazama kanzu yake. Akatazama tope. Kisha akapiga magoti, mwenye mashamba, akaingiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akaanza kuziba. Rama alizima pikipiki. Zilisikika pumzi za wazee wawili tu na makofi ya tope likishindiliwa, na maji yakasimama.

Yalibaki madimbwi chini ya ubao. Baba akafungua kikoi chake (alikuwa na kaptula ndani, alhamdulillahi), akakilaza juu ya maji, akakinyanyua kizito kikitona, akakikamulia mbali. Akarudi. Akakilaza tena. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema, na mimi nilimwona baba yangu akiyazoa, kwa magoti, dimbwi baada ya dimbwi, mpaka pakabaki tope linalong'aa tu.

"Mbarouk," mama akauliza, "pana maji hapo?"

"Hapana maji, mke wangu."

Uso wake wote ulikuwa na maji, lakini hayo hayakutajwa katika kiapo.

Mama akauacha ubao, akashuka mferejini kwa miguu yake, akakanyaga pale alipopakausha mumewe, akapanda upande wa pili. Nami nikafuata. Mjomba akampa dada yake mkono uliojaa tope, kisha akasema huku akitazama chini, "Na weye, Mbarouk, njoo. Chakula kipo. Utakula na miye."

"Nendeni mkamwone mama," baba akasema, ameegemeza jembe la tope kifuani. "Hili halikai. Ntakuja maji yakijaa, nije kwa mtumbwi wangu."

Hatukuwa mbali tuliposikia tope likibomoka nyuma yetu.

Bibi alikuwa amelalia ubavu, uso umeelekea mlangoni. Nikampa shikamoo, akanipitishia macho tu. Alikuwa anamtazama mama, kuanzia ushungi kushuka chini mpaka kwenye viatu, na hapo akakaa sana.

"Umelowa?" akauliza, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo.

"Sikulowa, mama. Nimekuja pakavu."

Bibi akafumba macho, akatabasamu kwa ule upande uliobaki. Mama akapanda kitandani na viatu vyake vya tope, akalala kando yake, na hakuna aliyemkataza. Aliishi naye hivyo mpaka mwezi wa Rajabu, akimlisha uji na kumwosha, na kila asubuhi alitandaza shuka jeupe juu ya ukuta wa baraza. Sasa aliyelitazama alikuwa baba.

Mvua ilianza wiki moja baada ya maziko ya Bibi. Ilinyesha kwa hasira ya kudaiwa. Visiki vikaondoka, njia ya bodaboda ikaondoka, na siku moja ya mawingu mepesi baba akaonekana katikati ya bwawa akipiga kasia, mtumbwi umetiwa lami upya. Alikula katika sinia moja na mjomba Himyar. Hawakuzungumza mengi. Mjomba alimsogezea mnofu, baba akausogeza tena kwake, wakafanya hivyo mpaka mnofu ukapoa.

Kisha mama akapanda mtumbwini. Kiapo kilikuwa cha kwenda. Kurudi hakukukatazwa na mtu yeyote, na Maalim alikuwa ameshaulizwa, na zaidi ya mara moja, kwani baba sasa alikuwa mwoga wa maneno. Mama alikaa mbele, nami nyuma yake, akatia vidole majini akaviacha humo. Katikati akamwomba baba asimamishe.

"Ni hapa ulipoyazoa?"

"Hapo chini," akasema baba.

Tukainama tukatazama. Maji yalikuwa ya kahawia, mazito, hayaonyeshi kitu. Tulikaa hivyo mtumbwi ukizunguka taratibu wenyewe, mpaka ikawa huwezi kujua mara moja ni ukingo upi ni wa nani.

"Haya," akasema mama. "Twende kwetu."

Kasia la baba likabaki hewani. Akamtazama mama usoni, akafuata macho yake juu ya maji, na macho hayo yalikuwa yanatazama mlango wetu, kuku wetu, na kamba yetu ya kuanikia nguo.