Chengachenga za Mpakani

Mimi sina subira na watu wanaogusa kazi yangu, na ramani ile ilikuwa kazi yangu. Ilikuwa ya mchezo wa vita wa kwenye kompyuta: mabara ya kubuni, visiwa, na majimbo chungu nzima niliyoyapaka rangi moja moja. Sheria yake ni fupi ila haina huruma. Kila jimbo lina rangi yake peke yake, kwa sababu mchezo haujui mipaka, unajua rangi tu. Ukikuta rangi ngeni, hata nukta moja, unahesabu kuwa ni jimbo jipya. Ndiyo maana nilipaka kwa penseli ya programu, yenye ncha kali, wala si kwa brashi laini inayochanganya rangi pembeni.

Asubuhi moja nikafungua mchezo, ukagoma. Ukadai majimbo yamekuwa maelfu. Nikaikuza picha mpaka nukta zikawa kama vigae vya sakafuni, na huko mipakani nikaona chengachenga: zambarau iliyopauka, kijani kisicho changu, pinki ambayo hata kwa kulazimishwa nisingeichagua. Ukiitazama kwa mbali ramani ilikuwa nzima kabisa. Machale yakanicheza.

Kompyuta tuliitumia watatu. Mimi; mume wangu, fundi wa mashine za kuchapisha, ambaye humo alicheza karata tu; na wifi yangu, mdogo wake, aliyeishi nasi na kunibunia majina ya majimbo. Wifi nilishamkemea kwa ile brashi laini mpaka nikachoka. Isitoshe, nilimwona barabarani akicheka na Kamanda, mwenzangu wa zamani katika kutengeneza mchezo huu, aliyeniacha kwenye mataa akaenda kutengeneza mchezo wake. Mimi na yeye sote tulikuwa tunapeleka ramani kwenye shindano lile lile, na nilikuwa nimekula kiapo kwamba yangu hataiona kabla ya siku yenyewe. Sasa nitafute ushahidi gani tena?

Nikaanza kumchunga wifi. Akiongea na simu, nategesha sikio. Akiingia chumba cha kazi, na mimi nina kitu nimesahau humo. Mchana uvumilivu ukaniishia, nikampa vidonge vyake mbele ya kaka yake: kwamba anakula kwangu na kunihujumu, na kama Kamanda ni mtamu hivyo, basi ahamie huko. Wifi akaapa hajaigusa ramani tangu wiki iliyopita. Mume wangu alikuwa anapiga pasi shati. Hakugeuka.

"Hebu yamalizeni, jamani," akasema, akaendelea na kola.

Wifi akaenda kufunga begi. Mimi nikarudi kwenye kompyuta kusafisha uchafu, bado nimevimba kwa hasira.

Hapo ndipo kazi ikanikatalia. Mtu akichafua kwa brashi, huchafua pale mkono ulipopita. Hizi chengachenga zilikuwa kila mpaka, hadi kwenye barafu ya kaskazini ambako hakuna aliyekuwa na shida ya kwenda, na zilijipanga katika miraba midogo. Uchafu wa namna hiyo nilikuwa naujua. Picha ikitumwa kwa simu, simu huibana iwe nyepesi, na rangi huanza kuvujiana. Hakuna aliyeipaka ramani yangu. Ilitoka humu ndani kwa simu, ikarudi kwa simu, ikawekwa mahali pa ile halisi. Na simu ya wifi ilikuwa ya vibonyezo, hata picha haipokei.

Nilimkuta mume wangu akivaa lile shati. Nikamuuliza ramani imepita wapi. Akajaribu kucheka, kisha akakaa kitandani.

"Nilikuwa napunguza vitu kwenye kompyuta, nikaifuta kwa bahati mbaya," akasema. "Nikaogopa utanila nyama. Nikairudisha."

"Nani alikurudishia?"

Akakishika kifungo cha shati, asikifunge wala asikiache.

"Kamanda," akasema. "Nilishamtumia siku nyingi. Alitaka kuiona tu."

Iliniuma, sikatai. Lakini kilichonichoma zaidi ni ile pasi. Alisimama pale akinyoosha kola huku mimi namvua nguo dada yake kwa jambo alilolifanya yeye, na alichoona cha kusema ni kwamba tuyamalize.

Wifi alikuwa mlangoni na begi lake. Yote aliyasikia.

"Kaka, ulikuwa unajua?" akamuuliza.

Nikamwomba wifi msamaha, palepale, bila kuzunguka. Kisha nikamgeukia mwenye shati.

"Mpokee dada yako begi. Toa nguo zake uzirudishe kabatini. Ukimaliza, weka zako humo begini."

Akadhani natania. Wifi ndiye aliyemfungulia zipu.